Kupunga mikono si utundu

Mtoto mwenye usonji (autism, yaani ubongo unaopokea hisia na mawasiliano kwa namna tofauti) anapopunga mikono, kujiyumbisha au kuzungusha kifuniko cha sufuria dakika 20 mfululizo, wengi husema: "Mshike mikono, asizoee." Hapo ndipo tunapomkosea. Mwendo ule humtuliza pale kelele, mwanga au hata furaha inapomzidi. Ukimzuia, mara nyingi ule mzigo hutokea kwingine: kilio, au kujing'ata.

Angalia kwanza kilichotangulia. Blenda imewashwa? Lebo ya shati inamkwaruza shingoni? Zima blenda, fumua lebo yote kwenye mshono, maana kipande kinachobaki huchoma zaidi, kisha mwache apunge. Akipenda kukumbatiwa, mbane kwa uthabiti. Kuguswa juujuu huwakera wengi wao.

Anapojiumiza, hapo ingilia kati. Akigonga kichwa ukutani, weka mto au khanga iliyokunjwa kati ya kichwa na ukuta, punguza maneno, usimfokee. Tabia hiyo ikianza ghafla, mpeleke akaangaliwe masikio na meno: mtoto asiyeongea huenda anaonyesha maumivu. Anayetafuna kola mpe kitambaa kizito, safi, wala si shanga.

Usichanganye haya na kifafa. Mwite jina, mguse bega. Anayejituliza kwa kawaida huacha, hata kwa sekunde moja. Asiposhtuka kabisa, macho yamekodoa au viungo vinatingishika, mrekodi kwa simu ukamwonyeshe daktari. Degedege likipita dakika 5, mkimbize hospitali.