Hapana, Bellermann hakukaa pangoni akichora jani kwa jani

Imeletwa tena. Picha ileile ya Pango la Guácharo, kule Venezuela, aliyoichora Bellermann, na maneno yaleyale chini yake: enzi hizo hakukuwa na kamera, mchoraji aliketi palepale akachora jani kwa jani. Safari hii aliyeileta ni mwanafunzi wangu mwenyewe, niliyemfundisha kuwamba turubai, kitambaa cha kuchorea, kwa mikono hii. Basi niandike, nipumzike.

Ferdinand Bellermann, mzaliwa wa Erfurt, alikuwa Venezuela kuanzia 1842 hadi 1845. Alexander von Humboldt, mwanasayansi na msafiri wa Kijerumani aliyelifikia pango hilo tangu 1799, ndiye aliyemwombea kwa mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, na mfalme akatoa fedha. Hayo yanajulikana, tusonge. Turubai mnayotumiana, iliyoko kwenye jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie, Berlin, ni ya 1874. Hesabuni wenyewe: mchoraji ana miaka 60, yuko kwao Ujerumani, na Humboldt keshafariki miaka 15 nyuma.

Kilichochorwa kule ni skechi, yaani michoro ya haraka. Na jamani, skechi si penseli peke yake! Bellermann alichora za rangi ya mafuta pia, juu ya karatasi. Karatasi ikipakwa gundi kwanza hubeba mafuta vizuri tu, haina uzito safarini, na kwa kuwa hufyonza kidogo, rangi hushika upesi. Upesi ndio kila kitu. Nimesimama Lushoto asubuhi nikichora bonde. Naanza kuchanganya kijani, kivuli kiko upande huu wa mti, nainua kichwa kimeshahama. Una saa moja, mbili ukibahatika, halafu ukungu unapanda na bonde huna. Jani kwa jani utalichora saa ngapi? Unaweka bonge la kijani kinachoelekea manjano, bonge la kijani kinachoelekea bluu, mahali mwanga unapoangukia, unafunga mkoba.

Sasa ndipo wengine hurukia upande wa pili: kumbe ni uongo! Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Skechi ni kwenda sokoni, turubai ni jikoni. Hakuna anayemwita mpishi mwongo kwa sababu pilau haikuota shambani ikiwa pilau. Wala haikuwa siri. Humboldt aliandika waziwazi katika juzuu ya pili ya kitabu chake Kosmos, 1847, kwamba mchoraji akusanye skechi za rangi mbele ya mimea yenyewe, kisha akirudi nyumbani ajenge picha inayobeba tabia ya nchi za joto. Kwake yeye kila ukanda wa dunia una sura yake ya mimea, na kazi ya mchoraji ni kuikamata sura hiyo. Kwa hiyo mti unaweza kutoka kwenye skechi moja na mitambaazi kwenye nyingine. Ukitaka kujua mti gani ulisimama kushoto mwa mlango wa pango, usiiulize turubai.

Rugendas, Mjerumani mwingine aliyeichora Brazil, ni hadithi hiyohiyo, tena zaidi: picha za kitabu chake zilichapwa kwa litografia, yaani kutoka kwenye michoro iliyowekwa juu ya mawe, huko Paris, mikono ya watu wengine ikiwa imeshapita juu ya michoro yake.

Niseme na linalonisumbua. Miaka mingi nimefundisha kwamba skechi ni kweli kuliko turubai. Siku hizi nasitasita. Bellermann alifundishwa Berlin na wachoraji wa mandhari, Blechen na Schirmer. Jicho lake lilijifunza kijani kwenye mwanga wa huko kabla halijauona mnazi. Hata mimi, mwenyeji, bonde langu la kwanza la Lushoto lilitoka na kijani cha zile kalenda za Uswisi zilizoning'inia sebuleni kwetu. Na miti ilikuwa mbele yangu, hatua kumi!

Mwanafunzi kaniuliza kama aifute picha. Nimemwambia aiache, ila 1874 aiandike kwa tarakimu kubwa.