Hevi metali: uzito wake uko wapi?

Muulize mtu asiyeufuatilia muziki huu hevi metali ni nini, atakwambia ni makelele ya watu wenye nywele ndefu. Makelele yapo, sikatai. Lakini redio yoyote ukiifungulia mpaka mwisho itapiga makelele. Kinachotajwa kwenye jina ni uzito, na uzito huo tunajua ulikoanzia: Aston, mtaa wa viwanda mjini Birmingham, Uingereza, walikokulia vijana wanne walioanzisha Black Sabbath mwaka 1968.

Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye ni mashoto, kwa hiyo mkono huo ndio uliokuwa ukibana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea kofia za vidole, akazivika ngozi. Nyuzi za kawaida sasa zilimuumiza, akahamia nyembamba. Kufikia albamu ya tatu, Master of Reality (1971), nyimbo kadhaa zilipigwa nyuzi zikiwa zimeteremshwa kwa nusu-toni tatu (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili kwenye gitaa). Uzi uliolegezwa haumtesi mpigaji, na sauti yake ni nene.

Mliozoea muziki wa dansi mnaijua kazi ya solo: inapaa juu na kuimba, besi ikibaki chini. Kwa Sabbath gitaa lilishuka likamfuata Geezer Butler kwenye besi, wote wawili wakipiga kipande kifupi kilekile, polepole, tena na tena, amplifaya ikisukumwa mpaka sauti ikwaruze. Kipande hicho huitwa rifu. Wimbo wote husimama juu yake. Katika "Iron Man" hata sauti ya mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, inafuata njia ileile ya gitaa.

Rifu ya wimbo uliobeba jina la bendi ina noti tatu tu: G, G ya juu, kisha C#. Kutoka G hadi C# ni nusu-toni sita, umbali ambao sikio halitulii nao, linabaki likingoja kitu. Hofu yote ya wimbo ule imo humo, ngoma za Bill Ward zikija kwa kuvizia. Albamu ya kwanza ilitoka Ijumaa, Februari 13, 1970. Wahakiki wakaiponda, wanunuzi wakaifikisha nafasi ya 8 Uingereza. Albamu ya pili, Paranoid, iliyotoka mwaka huohuo, ikashika nafasi ya kwanza huko. Waliowaita waabudu shetani wangeanza kwa kusikiliza "War Pigs": ni wimbo wa kuwalaani wakubwa wanaopeleka maskini vitani.

Ozzy alifukuzwa mwaka 1979, Ronnie James Dio akachukua kipaza sauti, na bendi ikapata kasi mpya. Waliokuja baadaye waligawana urithi: wengine, kama bendi ya Metallica, waliichukua rifu wakaikimbiza, wengine wakaukumbatia ule mwendo wa kujikokota, na tawi lao likaitwa dumu metali (doom metal).

Julai 5, 2025, wanne wale wa mwanzo walipiga pamoja kwa mara ya mwisho, uwanja wa mpira wa Villa Park, palepale Aston. Metallica walipanda jukwaani kabla yao. Ozzy aliimba akiwa amekaa kitini. Siku 17 baadaye akafariki.