Hapana, aksheni ya nne haitakuokoa

Jana tena. Dogo mmoja wa Malindi kanitumia voisi ya dakika nne, anatengeneza gemu yake ya mezani, mapigano yanaboa anasema, kwa hivyo kaongeza aksheni, yaani vitendo unavyoruhusiwa kila zamu, kutoka tatu hadi nne "ili watu wawe na uhuru". Huyu ni wa ngapi sijui, nshaacha kuhesabu. Naandika hapa, akiniuliza mwengine namrushia linki tu.

Ukimpa mtu aksheni nne atapiga mara nne. Huo ndio uhuru wenyewe. Na wachezaji wakiwa watano, zamu ikivuta dakika tatu, ukimaliza yako unangoja dakika kumi na mbili dadu zikurudie, mtu ashatoka kununua mkate wa mofa, kapiga na stori, karudi, bado.

Hebu tazameni bao, si liko hapo barazani kila jioni? Kete 64, zako 22 mkononi, na kwenye namua, ile awamu ya kwanza ya kutia kete za mkononi, kila zamu unatia kete moja. Moja! Ukiweza kula lazima ule, huna kujifanya hujaona, halafu unasambaza mpaka ulale, kete ya mwisho iangukie shimo tupu. Sijawahi kusikia mzee akidai aongezewe kete ya pili ili awe na uhuru. Anakaa na ile moja kidoleni na baraza zima kimya, maana akila huku kule kumempita.

Sasa hii aksheni ya bonasi, kile kitendo kidogo cha ziada, ndio inanipandisha presha. D&D ya 2014 (Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika) inakupa mwendo, aksheni moja, na LABDA ya bonasi. Labda. Huna bonasi mpaka uchawi au uwezo fulani ukupe, zamu ikipita hujaitumia hujaibiwa kitu. Halafu anakuja mtu, "kaka, aksheni si kubwa kuliko bonasi, basi niigeuze nifanye bonasi mbili". Hapana! Hii si noti ya mia unayokwenda kuvunja dukani. Ni mifuko miwili, na imeshonwa mbali makusudi, vile vitu vya mfuko wa bonasi usivirundike viwili kwenye zamu moja. Pathfinder ya 2019, gemu nyengine ya aina hiyo hiyo, ilishika njia nyengine, aksheni tatu za aina moja, fanya utakalo, ila pigo la pili linakatwa 5 kwenye dadu na la tatu 10. Ona, hata hao waliotoa tatu walijua bila ya kukata watu watapiga tu. Dogo wangu kachukua zile tatu, kaacha makato, sasa anashangaa.

Mimi mwenyewe nimeyala haya. Gemu yangu ni ya majahazi mawili yanapigana kwenye mkondo wa bahari, maji yanaingia ngamani, na una aksheni tatu: kuchota maji, kugeuza tanga, kupiga panga, chochote kwa aksheni moja. Usiku wa kwanza ndoo haikuguswa. Raundi nne jahazi likazama na mabingwa wa panga wote ndani. Nikaiba yale makato ya 5, ujinga mtupu, kwa sababu wao wanatupa dadu ya pande ishirini na mimi natumia mbili za pande sita. Kwangu unapata ukifikisha 8, nafasi 15 kati ya 36. Kata 5, sasa unatafuta 13 kwenye dadu mbili, itafute basi. Nikashusha mpaka 2, ikawa unahitaji 10, nafasi 6 kati ya 36, na hapo hapo mmoja akaangalia dadu zake, akaguna, "aa, mi nachota maji bwana". Nilitaka kumkumbatia. Sikumwongezea kitu, pigo la pili tu lilikuwa halina tamu tena.

Riaksheni ndio siwezi kukudanganya. Kumpa mtu jibu moja nje ya zamu yake kunamfanya asishike simu wenzake wakicheza, hilo nimeliona. Lakini kila jibu linakata zamu ya mtu, "ngoja, ngoja, nakinga", na tunarudi kwenye zile dakika kumi na mbili. Nimeitoa mara mbili nikairudisha mara mbili. Saa hii imebaki ya kumkinga mwenzako peke yake, wewe mwenyewe huwezi kujikinga nayo, na wiki iliyopita watu wawili wamegombana kwa nini hakukingwa.