Je, wajua kwa nini miguu ya bata haigandi kwenye barafu?

Kule Ulaya na Amerika Kaskazini majani yakishapukutika, wapiga picha za ndege wanakuwa na raha, maana miti iko wazi, jua linakaa chini mchana kutwa na mwanga wake ni laini, halafu mabwawa yakianza kuganda bata mwitu wanajazana pale palipobaki maji. Ndio zile picha za bata dume, kichwa cha kijani kinang'aa, kasimama peku juu ya barafu katulia kabisa. Sasa hiyo miguu mbona haigandi?

Jibu linalozunguka sana ni kwamba miguu ya bata haina damu, au haina neva kwa hiyo hasikii kitu. Sio kweli. Damu imo na neva zimo. Labda watu wanachanganywa na huu ukweli mmoja, kwamba misuli inayoendesha mguu imekaa juu, imefunikwa na manyoya, na huku chini ni mifupa, kano na ngozi tu, lakini hata hivyo ni viungo hai na bila damu vingekufa. Wazo lingine ambalo nalo limeenea ni kwamba bata ana namna ya kuipasha miguu joto. Anafanya kinyume chake kabisa! Anaiacha ipoe. Mwili wake uko kwenye nyuzi 40 hivi, nyayo zinaweza kushuka mpaka nyuzi chache tu juu ya sifuri. Joto linatoka haraka pale tofauti inapokuwa kubwa, kwa hiyo mguu unaokaribiana na barafu kwa ubaridi hauna joto jingi la kupoteza, wakati mguu wa nyuzi 40 ungemaliza nguvu zake zote kabla hajapata chakula.

Ila damu baridi ikirudi moja kwa moja mwilini ingempoza. Hapa ndipo kuna ufundi wenyewe. Juu ya mguu ateri inayoshusha damu na vena zinazoipandisha zimebanana. Chukua mabomba mawili yamegusana, moja lina maji ya nyuzi 40 na lingine ya nyuzi 2. Yakitiririka upande mmoja, yatapeana joto mpaka yote yafike kama 21, basi, imeishia hapo, nusu ya joto imeenda na maji. Lakini yakitiririka kinyume, maji ya moto kila yanaposogea yanakutana na maji yaliyo baridi kidogo kuliko yenyewe, na ya baridi kila yanapopanda yanakutana na yaliyo moto zaidi, kwa hiyo kupeana hakukomi njia nzima. Damu inafika chini imeshapoa, inayorudi inaingia mwilini imeshapata moto. Jodari wa bahari yetu naye ana mpangilio huohuo wa mishipa, yeye anautumia kubakiza joto kwenye misuli yake ya kuogelea, na mimi kila nikifikiria samaki na bata kufikia suluhisho moja nashangaa upya.

Na ngozi ya unyayo ikikaribia kuganda, vijia kati ya ateri na vena vinafunguka damu ya moto ikapita, kisha vinafunga. Sio kinga ya kila kitu lakini, baridi ikizidi bata anaikalia miguu, na ndege kweli huwa wanaumizwa na barafu. Kusimama mguu mmoja kunapunguza eneo la kupoteza joto, ila sio baridi peke yake, maana heroe wa Ziwa Bogoria wanasimama hivyo kwenye joto. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata heroe aliyekufa anaweza kusimamishwa kwa mguu mmoja bila misuli kufanya kazi.

Ukienda kuwapiga picha, ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, theluji inaidanganya na picha inatoka ya kijivu. Ukiona bata ameshusha mguu wa pili na kunyoosha shingo, umesogea mno, rudi nyuma, kwa sababu akiruka anachoma ile akiba anayoitunza kwa mishipa yote hiyo.