Punda anayeogopa mkono: kumzoesha kuguswa na kuvaa hatamu

Ukimkaribia punda ambaye hajawahi kushikwa, mara nyingi hatakimbia. Atasimama tu. Farasi mwoga hutimka kwanza, lakini punda huganda palepale, na hapo ndipo watu wanapoharibu kazi: wanadhani ametulia, wanamrukia na kamba. Mtazame vizuri. Aliyeganda ameinua shingo, masikio yamekaza, midomo imebana, mkia umegandamana na makalio, na ubavu hauchezi kwa sababu amezuia pumzi. Aliyetulia anapepesa macho, sikio moja linalegea upande, kichwa kinashuka, anaramba midomo au anatafuna bila kitu mdomoni. Mkono usubiri mpaka hizi dalili za pili zionekane.

Punda kijana wa Lamu, aliyekua akizurura vichochoroni, anaweza kukudanganya zaidi ya yule aliyenunuliwa mnadani huko bara. Amezoea kuona watu mchana kutwa, kwa hiyo anakuacha ufike karibu kabisa, kisha anageuza makalio. Kuwazoea watu kwa macho hakumfundishi kuguswa. Wote wawili waanzie mwanzo.

Zizi la mita 6 kwa 6 au 7 kwa 7 linatosha. Likiwa kubwa mno utaishia kumfukuza. Likiwa dogo mno atajiona amenaswa. Uzio uwe wa mbao au nguzo, usiwe wa seng'enge. Mwenzake awe karibu, mahali anapoweza kumwona. Hili nalisisitiza: punda aliyetenganishwa na mwenzake anaweza kususa kula, na punda asiyekula huanza kutumia mafuta ya mwili kwa wingi mpaka yanajaa kwenye damu na kuharibu ini. Wengine hufa. Ndiyo maana pia kumshindisha na njaa ili "awe mpole" ni hatari.

Fanya vipindi vya dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni kabla ya jua kuwa kali au baada ya kupoa. Ingia bila kamba. Usimwendee usoni wala kwa nyuma, maana sehemu hizo mbili haoni vizuri. Elekea begani, kwa mshazari, mabega yako yakiwa yamelegea na macho yakitazama chini. Akiinua kichwa au kukaza masikio, umefika mpaka wake. Simama hapo hapo. Akilegea hata kidogo, rudi nyuma hatua mbili. Anajifunza pale unapomwondolea shinikizo, kwa hiyo uliondoe papo hapo. Ukichelewa, atakuwa ameshaanza kufanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo utakalokuwa umemfundisha.

Anza kumgusa juu ya bega, pale singa za shingo zinapoishia. Hapo ndipo punda wenyewe hukunana kwa meno. Gusa kwa mgongo wa mkono, ondoa. Kisha mkune kwa vidole, kwa nguvu kidogo, kwa sababu mguso mwepesi mno unamfanya arushe ngozi kama aliyetuliwa na nzi. Ondoa mkono yeye akiwa bado ametulia, usingoje aondoke. Kutoka hapo shuka begani, rudi. Panda shingoni, rudi. Kisha kifua, mgongo, shavu. Masikio na miguu viwe vya mwisho. Upande wa kulia ufundishe upya kabisa, maana alichokikubali kushoto anaweza kukiona kigeni kulia. Kaa karibu na bega au zaidi ya mita 2 kutoka kwake. Katikati ndipo teke linapokupata, na punda hurusha la pembeni pia.

Chakula kiweke kwenye karai, usimlishe mkononi, hasa dume: atazoea kutafuta kwa meno.

Sasa hatamu. Mkanda wa kiti cha gari uliochakaa, ukishonwa vizuri, ni mzuri kuliko kamba ya nailoni nyembamba inayokata ngozi. Mkanda wa kisogoni uwe na bizimu inayofunguka, ili upite nyuma ya masikio bila kuyavuta. Masikio ya punda ni marefu na kuyapitisha kwa nguvu kunaweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Mkanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite chini yake. Ukishuka zaidi unakalia mfupa mwembamba wa pua na kubana pumzi. Usitumie kitanzi kinachokaza.

Kwanza msugue hatamu yote begani na shingoni. Kisha lalisha kamba laini juu ya shingo, iondoe. Halafu shika mkanda wa pua ukiwa wazi, mwache aingize mdomo, utoe. Rudia mpaka aingize mwenyewe ndipo ufunge bizimu.

Kumwongoza, tumia kamba ya mita 3, na usiizungushe mkononi. Ukimvuta mbele moja kwa moja ataweka miguu na hutamshinda. Simama upande, mvute kidogo kwa mshazari, shikilia hivyohivyo bila kuongeza nguvu, na uzito wake ukihama tu, legeza. Hatua zitakuja. Usimfunge kwenye nguzo kabla hajajua kufuata kamba. Akijirusha nyuma anaweza kuumia shingo.

Punda akikubali mwili wote ila masikio, angalia kwanza ndani ya sikio. Kupe hujificha humo, na sikio lililowahi kupindwa na watu wakati wa kumkamata nalo halisahau. Ukikuta kupe wengi, usaha au harufu, mwite daktari wa mifugo kabla ya kuendelea. Mkanda wa kisogoni unaweza kusubiri; wakati huo endelea na bega na shingo.

Kila kipindi kikiisha, vua hatamu. Akiachwa nayo atanasa kwenye tawi au msumari, na kwa punda anayekua, mkanda usiolegezwa huzama kwenye nyama ya pua.