Jiwe kubwa la figo haliyeyuki kwa ndimu na mafuta

Ile meseji ya kunywa ndimu na mafuta ya zeituni ati jiwe la figo liyeyuke, na usiende hospitali maana watakupasua ubavu mzima wakutoe figo, imerudi tena kwenye magrupu ya hapa Malindi na wazee wetu wanaiamini.

Jiwe dogo, chini ya milimita 5, mara nyingi hutoka lenyewe na mkojo, ndo maana aliyekunywa ndimu wiki hiyo aona ndimu imefanya kazi. Na yale madonge ya kijani anayoyaona chooni baada ya kunywa, akidhani ndiyo jiwe, ni mafuta yenyewe yameganda tumboni, jiwe la figo halipiti njia ya haja kubwa kamwe. Likizidi milimita 20 ni habari nyingine, hapo kwa kawaida daktari hutoboa tundu mgongoni, kama sentimita 1 hivi, apitisha kamera avunja jiwe atoa vipande na figo yako yabaki palepale. Kuna pia mpira mwembamba wa leza unaopitia njia ya mkojo, hauachi kidonda ila jiwe kubwa laweza kutaka kurudiwa, na mawimbi yanayopigwa kutoka nje ya mwili kuvunja jiwe yafaa mawe madogo kuliko hayo. Kupasua kabisa siku hizi ni nadra.

Ndimu si mbaya jamani, yaweza kusaidia baadhi ya watu wasipate mawe mapya. Lakini lililopo lipimwe, ripoti ya ultrasaundi au siti skani huandika saizi kwa milimita, linganisha ya kabla na ya baada ya hiyo ndimu. Ukiwa na homa na maumivu ya ubavu usingoje, nenda hospitali. Na meseji hiyo ikikufikia tafadhali usiiforwadi, mwambie aliyeituma kwa upole.