Si kila mchoro wa magofu ni kapricho

Kapricho ni mchoro unaoweka majengo pasipo pake: ya kweli yamehamishwa, au ya kubuni yamechomekwa kati ya ya kweli. Kinyume chake ni veduta, mandhari ya mahali panapojulikana, ambapo ukienda ukasimama utayakuta majengo yaleyale kwa mpangilio uleule. Basi, maana ni hiyo. Tatizo ni kwamba siku hizi neno kapricho linabandikwa kwenye kila picha ya zama za Ulimbwende (Romanticism, sanaa ya Ulaya ya mwanzo wa karne ya 19) yenye nguzo zilizobomoka, na hoja inayotolewa ni moja: mchoraji hakufika huko.

Anayeandamwa zaidi ni mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich, kwa picha yake ya Hekalu la Juno, Agrigento, kisiwani Sisilia, aliyoichora kati ya 1828 na 1830 hivi. Ni kweli Friedrich hakuwahi kukanyaga Italia. Alitumia akwatinta ya Franz Hegi, iliyotokana na mchoro wa Carl Ludwig Frommel. Akwatinta ni chapa ya bamba la shaba lililopakwa unga wa utomvu kisha likachovywa kwenye tindikali. Yenyewe hutoa vivuli tu, rangi humbidi mchoraji azitafute. Lakini hekalu lipo, na liko juu ya kilima chake. Lilijengwa kwa nguzo 6 mbele na 13 ubavuni, jumla 34 (za pembeni usizihesabu mara mbili), na safu ya kaskazini ndiyo iliyobaki imebeba mawe yake ya juu. Jina la Juno ndilo lenye walakini: lilitokana na kuchanganya jengo hili na patakatifu pa Hera Lacinia (Hera ndiye Juno kwa Wagiriki), kule Crotone, kusini mwa Italia bara.

Sasa tazama picha nyingine ya Friedrich huyohuyo, ya miaka ya mwanzo ya 1830: gofu la abasia (nyumba ya watawa) ya Eldena likiwa katika milima ya Riesengebirge, mpakani mwa Ucheki na Polandi ya leo. Eldena iko kando ya Greifswald, mji aliozaliwa, pwani tambarare ya Baltiki. Milima hiyo iko mamia ya kilomita kusini. Kote kuwili alifika kwa miguu yake, milimani mwaka 1810. Na hiyo ndiyo kapricho hasa! Vivyo hivyo mchoraji Mwitalia Giovanni Paolo Panini: aliishi Roma miaka mingi, akipita mbele ya hekalu la Pantheon na Safu ya Trajan (nguzo ya ukumbusho ya kaisari) atakavyo, kisha akaziweka bega kwa bega turubaini kana kwamba ni majirani.

Kwa hiyo cha kukagua ni jengo na ardhi yake, si safari za mchoraji. Anza na ramani ya msingi, uhesabu nguzo. Angalia vitako, yaani mawe ya chini ya nguzo: nguzo ya Kigiriki ya mtindo wa Kidoriki, kama hizi za Agrigento, haina kitako, hushuka moja kwa moja kwenye ngazi. Kisha pima watu. Nguzo za Agrigento zina zaidi ya mita 6, hivyo mtu mzima afikie kama robo yake. Akiwa sehemu ya kumi, mchoraji amelikuza jengo. Hata hapo usikimbilie kusema kapricho, maana kukuza si kuhamisha.

Picha ya Agrigento iandikiwe tu "mandhari, kutokana na chapa".